Somo la Historia: Choo, Faini na Redio

Leo tunaendelea na historia ya afya vijijini.

Yafaa kwanza tuikumbuke ramani. Reli ya Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, wakati wa Wadachi. Mashamba ya mkonge yakaifuata, na penye mkonge walitakiwa vibarua wenye nguvu. Basi dawa nazo zilifuata zaidi njia hiyo hiyo. Upande wa Handeni, nchi ya pori na shida ya maji, mgonjwa alibaki mbali.

Je, mkulima huyo aliletewa nini? Mara nyingi aliletewa amri. Bwana afya wa siku za ukoloni alikagua vyoo, na asiye na choo aliweza kutozwa faini. Wako waliochimba shimo la kumwonyesha bwana afya, kisha wakaendelea kwenda porini. Wakaitwa wazito wa kuelewa. Neno hilo halikuwa la haki. Kwa watu wengi wa nchi yetu baba mkwe na mkazamwana hawaingii choo kimoja. Ni jambo la heshima. Mzee hamwelezi mgeni mwenye daftari habari kama hizo, na mgeni mwenyewe hakuuliza.

Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilijaribu njia nyingine, ikaiita Mtu ni Afya. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa, na kwa wiki 12 watu wapatao milioni 2 walikutana kujifunza habari za malaria, safura, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu. Walisikiliza redio, mmoja akasoma kitabu kwa sauti ili hata asiyejua kusoma apate, kisha wakajadiliana na kukata shauri: tufanye nini sisi wenyewe? Katika baraza la namna hiyo hata jambo la mkwe huweza kusemwa, maana waliopo ni ndugu na jirani. Mtu akisema, "Basi tuchimbe viwili," shauri limekwisha, wala hapana faini. Vyoo vilivyochimbwa nchini vilikuwa mamia ya maelfu.

Lakini tusisifu kupita kiasi. Choo huchimbwa kwa jembe. Maji je? Mama wa Handeni aliyekwisha kutembea mbali na ndoo kichwani huambiwa ayachemshe. Maana yake arudi tena porini kutafuta kuni. Faida ya kuchemsha anaijua. Alichokosa ni bomba, na kumwita mjinga ni kumdai deni lisilo lake.

Sasa kiongozi wa kikundi na aulize, na mwandishi aandike majibu: Hapa kwetu, ni ugonjwa gani unaoweza kuzuiwa kwa mikono yetu? Ni upi unaotaka fedha za Serikali? Na nani hajapata kusema katika baraza hili?