Ujamaa Vijijini: Ulianguka Wenyewe, au Uliangushwa?



Juzi wanafunzi wa chuo cha ualimu hapa Kasulu walishindana kwa hoja juu ya swali hili: Je, ukomunisti huanguka wenyewe, au huangushwa na nguvu za nje? Walizungumza sana habari za Urusi, na jinsi dola ile ilivyokwisha Desemba 1991. Mimi nikawauliza, "Na kwa babu zenu, Kibondo, mambo yalikuwaje?" Wakanyamaza.

Yafaa niseme kwanza ya kuwa Ujamaa wetu haukuwa ukomunisti wa Kirusi. Mwalimu Nyerere hakuhubiri vita baina ya matajiri na maskini, wala hakupiga dini marufuku. Lakini kwa Azimio la Arusha la 1967 mabenki na viwanda vikubwa vilitwaliwa na serikali, na wakulima wakaitwa wakae pamoja na kulima pamoja. Basi swali lile latuhusu.

Waha wa zamani hawakukaa kwa kusongamana. Kila mtu alikuwa na mji wake, na migomba imeuzunguka, nayo hustawi kwa mbolea ya mifugo na takataka za nyumbani. Mgomba wa namna hiyo ni kazi ya miaka mingi, haubebwi kichwani. Katika miaka ya 1930 serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu wengi wa Kibondo na kuwakusanya mahali pamoja kwa ajili ya ugonjwa wa malale, ili wakae mbali na mbung'o. Kwa hiyo wazee walikwisha kujua kuhamishwa ni nini.

Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma. Watu waliamriwa kuacha miji yao na kwenda kukaa katika vijiji vipya, vingi kando ya barabara. Mzee mmoja wa Kibondo alinihadithia ya kuwa baba yake alikuwa akitoroka usiku kwenda kukata ndizi katika mji wake mwenyewe, kama mwizi.

Nawaomba mwangalie tarehe, maana hapo ndipo penye jambo. Katika waraka wake wa Ujamaa Vijijini, Septemba 1967, Mwalimu alikuwa ameandika wazi ya kuwa watu wasilazimishwe kuingia katika vijiji hivyo. (Wanafunzi wangu husoma kichwa cha waraka ule, wakaishia hapo.) Mwaka 1969 chama cha TANU chenyewe kikaivunja Jumuiya ya Maendeleo ya Ruvuma, ambayo wanavijiji wake walikuwa wamejenga ujamaa kwa hiari yao na kujiamulia mambo yao. Novemba 1973 Mwalimu akatangaza ya kuwa kukaa vijijini sasa ni amri, na kazi iishe kabla ya mwisho wa 1976. Mwaka huo wa 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa, na mkulima akabaki mbele ya mashirika ya serikali tu.

Sasa tuwasikilize wa upande wa pili, maana hoja zao si nyepesi. Bei ya mafuta ya petroli ilipanda mara nne hivi baina ya Oktoba 1973 na Januari 1974. Ukame ukaja, ikabidi kununua nafaka nyingi kutoka ng'ambo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na gharama ya vita ile yakadiriwa kuwa kama dola milioni 500. Bei ya mafuta ikapanda tena mwaka 1979. Nchi gani maskini ingesimama bila kuyumba? Kisha Shirika la Fedha la Kimataifa likadai masharti. Mwalimu akayakataa, na mkataba ukatiwa sahihi mwaka 1986, yeye akiwa amekwisha kumwachia Mzee Mwinyi urais.

Hayo yote ni kweli. Lakini Operesheni Kigoma ilitangulia bei ile ya mafuta, nayo Ruvuma ilivunjwa miaka minne kabla yake. Tena nguvu za nje hazikuwa adui siku zote. Wachina walitujengea reli ya TAZARA, na mwaka 1974 Benki ya Dunia, ambayo wengi huitaja kama adui wa Ujamaa, iliukopesha fedha mpango wa maendeleo ya vijiji katika mkoa wetu huu wa Kigoma.

Mimi naona ya kuwa mafuta na vita viliharakisha anguko, na pengine bila hivyo mambo yangejikokota miaka mingi zaidi. Lakini kilichokufa kwanza ni hiari, nayo iliuawa na mikono yetu. Mwalimu mwenyewe, alipopima kazi ya Azimio baada ya miaka kumi, mwaka 1977, alikiri ya kuwa nchi haijawa ya kijamaa wala haijajitegemea. Hapo vita vya Kagera vilikuwa havijaanza.

Mashamba ya pamoja yaliachwa polepole, hakuna aliyeyalilia. Vijiji vikabaki, pamoja na shule na zahanati zake, na wengi wetu tumezaliwa humo. Yule mzee wa Kibondo amejenga kijijini, karibu na barabara. Lakini alinichukua mwendo wa saa nzima kwa miguu kunionyesha mji wa baba yake. Palikuwa pamebaki mashina matatu ya migomba, akayapalilia tukiwa tunazungumza.