Usambazaji wa muhogo

Usambazaji wa muhogo ni kuhamishwa kwa zao la *Manihot esculenta*, lenye asili ya Amerika Kusini, hadi Afrika kuanzia karne ya 16, na hatimaye mpaka nchi za Ziwa Tanganyika, ikiwemo Fizi katika Kivu ya Kusini. Wataalamu wa Ulaya walipashana habari zake kwa vitabu: André Thevet aliueleza mwaka 1557, Piso na Marcgraf mwaka 1648, naye Crantz akaupa jina la kisayansi mwaka 1766. Wareno waliufikisha pwani ya Kongo na Angola. Safari ya bara, ambayo vitabu hivyo havikuiandika, ilikuwa kazi ya wakulima na wafanyabiashara Waafrika. Elimu yake ilipaswa kusafiri pamoja na mmea: kwa kawaida hupandwa kwa vipande vya shina, na mizizi ya aina chungu hutoa sianidi, inayopunguzwa kwa kuloweka, kuchachusha na kukausha. Huko Fizi na katika mji wa Baraka unga wake hupikwa bugali (ugali), majani yake mboga ya sombe. Wakulima hupeana vipande vya shina hadi leo, ingawa vikiwa na maambukizi hueneza pia ugonjwa wa batobato.