Nukta za Rangi na Gati la Busisi

Kwa miaka mingi, msafiri aliyetoka Shinyanga kwenda Geita kwa njia ya Usagara alisimamishwa na maji. Pale Kigongo alingoja kivuko, na kungoja huko kulikuwa tamasha: malori, mabasi, baiskeli zenye matenga, akina mama na mizigo vichwani, na ng'ambo gati la Busisi likimeremeta juani. Nimevuka hapo mara nyingi, mafaili ya serikali kwapani, nikijiuliza: mchoraji angeanzia wapi?

Mfaransa Paul Signac, aliyezaliwa mwaka 1863, alikuwa na jibu lake. Yeye na mwenzake Georges Seurat hawakutaka kuvuruga rangi pamoja kibaoni. Walizitia nukta nukta kwenye turubai, buluu kando ya rangi ya chungwa, nyekundu kando ya kijani, zikutane katika jicho la mtazamaji. Elimu hiyo ilitokana na Chevreul, msimamizi wa rangi katika kiwanda cha Gobelins, aliyeeleza mwaka 1839 kwamba rangi hubadilika kwa sababu ya jirani yake. Muuza khanga yeyote analijua hilo pasipo kitabu. Signac alikuwa pia mpenzi wa mashua, na mwaka 1907 aliichora bandari ya Rotterdam, moshi na maji na vyombo, vyote kwa vipande vya rangi mfano wa vigae vidogo. Ukiikaribia picha, huoni meli. Ukirudi nyuma, bandari nzima inatikisika.

Nukta si ngeni Usukumani. Bayeye, chama cha wacheza nyoka, walichora nyoka wenye madoa katika kuta za ndani za nyumba zao. Hans Cory aliitolea kitabu michoro hiyo mwaka 1953. Wafuasi wa Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, nao hujaza madoa juu ya chui na ndege. Lakini tusidanganyane: madoa hayo ni ngozi ya mnyama, ni pambo. Nukta ya Signac ni mwanga. Nayo yataka subira, kwani rangi ya mafuta hukawia kukauka, na nukta iliyowekwa mapema juu ya nyingine hugeuka tope.

Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la kilomita 3 kati ya Kigongo na Busisi, na mgonjwa hangoji tena kivuko. Nalifurahia. Hata hivyo, kijana wa Sengerema atakaye kulichora gati lile na awahi kutuuliza sisi tuliolivuka. Nitamwambia kwamba jioni maji yalikuwa ya zambarau, kando ya matenga ya ndizi mbivu.