Boma si neno la Mwingereza

Katika kaunti ya Kakamega, neno boma limebeba uzito ambao kamusi nyingi hazijaupa nafasi ya kutosha. Ukisikia boma la fulani, usifikirie uzio peke yake. Ni nyumba ya mzee na jiko la mkewe, ni simba, yaani kibanda cha kijana aliyebalehe, ni ng'ombe, migomba na makaburi ya waliotangulia. Mahari hutoka boma moja kwenda jingine, na msiba ukitokea swali la kwanza huwa ni marehemu atazikwa katika boma gani. Neno lililoshika maisha ya watu kiasi hicho lina haki ya kusimuliwa asili yake kwa ukweli. Badala yake, yapo masimulizi yanayorudiwa tena na tena Afrika Mashariki yote, kwamba boma ni herufi za mwanzo za maneno manne ya jina la Kiingereza, jina la ofisi iliyosimamia utawala wa Uingereza ng'ambo. Masimulizi hayo ni ya uongo, na ushahidi wa kuyakanusha upo wazi.

Tuanze na tarehe. Henry Morton Stanley alitoka Zanzibar mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, na katika kitabu chake cha mwaka 1872 alilitumia neno boma kwa ngome za miti na miiba alizozikuta bara. Ludwig Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliliingiza katika kamusi yake ya Kiswahili iliyochapishwa London mwaka 1882, akilieleza kuwa ni kizuizi cha kulinda mji au kijiji, kiwe cha mawe, cha magogo au cha kichaka cha miiba kisichopenyeka. Wakati huo Uingereza haikuwa na koloni hata moja Afrika Mashariki. Himaya yake juu ya Zanzibar ilitangazwa mwaka 1890, ya Uganda mwaka 1894, na ya nchi ambayo sasa ni Kenya mwaka 1895. Ufupisho haukuweza kutangulia ofisi iliyodaiwa kufupishwa. Na ofisi yenyewe haikuwepo: himaya hizi zilisimamiwa kwanza na Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, kisha na Wizara ya Makoloni, ya Uganda na ya Kenya kuanzia mwaka 1905. Wajerumani nao walijenga maboma yao Mikindani, Bagamoyo na kwingineko Tanganyika, wakayaita hivyo hivyo. Haiingii akilini kwamba waliazima herufi za mahasimu wao.

Wanaoyatetea masimulizi haya wana hoja moja ya kusikilizwa. Wanasema kwamba kwa wazee wengi boma lilikuwa serikali: kwa mkuu wa wilaya, mahali pa kodi, kesi na kifungo. Ni kweli, na Malawi mpaka leo serikali yenyewe huitwa boma. Lakini hilo linaonyesha neno lilivyotumiwa, halionyeshi lilikotoka. Maofisa wa kwanza waliishi ndani ya ngome zenye handaki na ukuta, na wenyeji wakaziita kwa jina ambalo ngome zilikuwa nalo tayari. Serikali ilipanga ndani ya neno hilo, haikulijenga.

Magharibi mwa Kenya kunaonyesha jambo hili vizuri kuliko sehemu nyingi, kwa kuwa hapa watu walikuwa wajenzi wa ngome kabla ya ofisa yeyote kufika. Msafiri Joseph Thomson alipita Kwa Shiundu, ndiyo Mumias ya leo, mwaka 1883, na wasafiri wa enzi hiyo walieleza vijiji vilivyozungushiwa kuta za udongo na mahandaki. Wabukusu, mojawapo ya jamii za Waluhya, waliita ngome ya aina hiyo lukoba, kwa wingi chingoba. Kazi yake ilikuwa ya maana: mifugo na watoto walilala ndani, na lango jembamba lililindwa usiku. Mwaka 1895 ofisa Mwingereza C. W. Hobley, akiwa amepewa kituo cha Mumias, alipeleka kikosi chenye askari wa Kisudani, Waganda na wapiganaji wa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, kuwashambulia Wabukusu katika ngome za Lumboka na Chetambe. Bunduki zilishinda kuta za udongo, na wengi walikufa. Baada ya hapo watu walitawanyika, kila familia ikajenga kwenye shamba lake. Makao makuu ya wilaya yalihamishwa kutoka Mumias kwenda Kakamega mwaka 1920, na chingoba zikabaki matuta ya udongo. Kusema leo kwamba Mwingereza ndiye aliyeleta boma ni kumpa sifa ya kujenga yule aliyebomoa.

Kuna pingamizi la kitaalamu zaidi. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ilidokeza kwamba neno lina asili ya Kiajemi. Huenda ni sahihi. Kiswahili kimechukua maneno mengi kutoka ng'ambo ya bahari bila kupoteza uenyeji wake, na mfanano wa sauti pekee hautoshi kulikata shauri. Hata likithibitika, litakuwa neno la biashara ya kale ya Bahari ya Hindi, si la mkoloni.

Jambo ambalo Uajemi hauwezi kulidai, wala pwani, ni maana ya nyumbani. Kwa Krapf boma ni kizuizi, familia haimo. Waluhya walikuwa na neno lao la nyumbani, ingo, na Kiswahili kilipoenea kwao walihitaji neno la kubeba ukoo, mifugo na makaburi kwa pamoja. Nyumba haikutosha, kwa kuwa boma moja lina nyumba kadhaa. Kijiji kilikuwa kikubwa mno. Kwa hiyo maana ilihama kutoka kwenye ukuta hadi kwa waliokuwa ndani yake, na jamii nyingine za Kenya zilifanya vivyo hivyo. Kituo cha utamaduni cha Bomas of Kenya kilipoanzishwa Nairobi mwaka 1971, kilijengewa makazi ya mfano ya jamii mbalimbali, ya Waluhya yakiwemo, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini makazi hayo yaliitwa maboma.