Elimu ya Petroli Ukingoni mwa Bonde la Ufa

Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianzishwa Butembo mwaka 1989. Graben, neno la Kijerumani lenye maana ya handaki, ndilo jina walitumialo wanajiolojia kwa bonde la ufa lililo mashariki ya Butembo na Beni. Katika bonde hilo Uganda ilithibitisha mafuta mwaka 2006, ikafungua Taasisi ya Petroli ya Kigumba mwaka 2009. Upande wa Kongo, kampuni ya SOCO ilipima miamba ya Ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Virunga, mwaka 2014, ikaondoka pasipo kuchimba. Zabuni ya vitalu 27 vya nchi nzima, iliyotangazwa mwaka 2022, ilifutwa mwaka 2024. Hata hivyo, elimu hiyo ina kazi pasipo kisima: asomaye vipimo ndiye awezaye kuwaeleza wavuvi kinachotafutwa chini ya ziwa lao.