Mizani Ilibadilika, Swali Likabaki: Nani Anaandika?

Wasee, leo naongea kuhusu programu za biashara, lakini naanzia kwa majani chai. Vumilieni, tutafika.

Shosho wangu ana mkebe wa Kimbo uliojaa risiti za chai. Zingine wino umefifia hadi huoni kilo. Nikimuuliza mbona hazitupi, ananijibu, "Siku wakisema sikupeleka, nitawaonyesha nini?"

Hilo swali ni la zamani. Wakati wa mkoloni, Mwafrika wa kawaida alizuiwa kwa muda mrefu kulima chai na kahawa za kuuza. Mlango ulifunguka sana baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, na mwaka 1957 kiwanda cha chai cha Ragati, hapa karibu na Karatina, kikawa cha kwanza nchini cha wakulima wadogo. Sasa fikiria hiyo kazi. Mzungu mwenye shamba kubwa alikuwa na hesabu ya shamba moja. Ragati ilihitaji kujua kilo chache za huyu, chache za yule, siku baada ya siku, halafu kila mtu alipwe chake bila kuchanganya.

Huo ni mfumo wa usimamizi, hata kama hakukuwa na kompyuta. Mkulima alipewa namba. Kituoni kulikuwa na mizani ya kuning'iniza, karani, kalamu na kitabu cha risiti. KTDA ilipoundwa 1964, mpangilio huo ulienea, na leo unahudumia wakulima zaidi ya 600,000. Lakini yote yalisimama kwa mkono wa karani mmoja. Akisoma mshale vibaya, ama akiamua kuusoma vibaya, kilo zako zimeenda. Ndiyo maana ya ule mkebe.

Huko nje nako watu walikuwa wakipambana na shida hiyo hiyo. Mwaka 1494, mtawa Mwitaliano Luca Pacioli alichapisha kitabu kilichoeleza jinsi wafanyabiashara wa Venice walivyoandika kila shughuli mara mbili, pande mbili, ndiyo kosa lionekane. Mwaka 1972, Wajerumani watano waliotoka IBM walianzisha SAP. Wazo lao lilikuwa rahisi: stoo, mauzo na pesa zisome rekodi moja, si kila idara na daftari lake.

Poa sana, si ndiyo? Sasa uliza Hershey, wale wa chokoleti Marekani. Mwaka 1999 waliwasha mifumo mipya kadhaa kwa mpigo, mwezi wa Julai, wakati oda za Halloween zinaanza kumiminika. Wakashindwa kupeleka bidhaa za takriban dola milioni 100. Ripoti zilisema chokoleti zilikuwepo. Shida moja ni kwamba nyingine zilikuwa zimewekwa mahali ambapo mfumo haukuambiwa ni stoo.

Hapo ndipo nilijiona mimi.

Baada ya Form Four nilipata kibarua kwa duka moja la vifaa vya ujenzi hapa mjini. Bosi alinunua programu ya kusimamia mali, na kwa sababu mimi ndiye kijana, nikapewa kazi ya kuingiza hesabu ya kuanzia. Niliimaliza kwa siku mbili nikajisifu. Mwezi ulipoisha, mashine ilisema kuna mifuko 36 ya simiti ambayo stoo haikuwa nayo. Mzee wa stoo alileta daftari lake, akasema hesabu yake iko sawa. Hakuna aliyelifungua. Kompyuta imesema, nani ni daftari? Alifutwa kazi siku hiyo.

Wiki mbili baadaye niliona kosa. Niliandika 140 badala ya 104. Nilimwambia bosi, naye akaenda kumwomba mzee msamaha. Mzee alikubali msamaha lakini hakurudi. Mimi aliniambia tu, "Kijana, hiyo mashine inajua kile uliiambia."

Sisemi turudi kwa kalamu. Mizani za kielektroniki zilipoingia kwa vituo vya chai, uzito ulianza kusomwa na mashine na risiti kuchapishwa hapo hapo. Huo ni ushindi kwa mkulima. Lakini angalia IFMIS, mfumo wa fedha wa serikali. Mwaka 2015, kwa ile kashfa ya NYS ya milioni 791, hadithi ikawa ya nywila kutumiwa na watu wasiofaa. Mfumo unaweza kufunga mlango mmoja tu; mwenye funguo bado ni binadamu.

Na hili linakuja kwako, hata kama unauza mitumba sokoni Karatina. KRA ilileta eTIMS, na tangu Januari 2024 mfanyabiashara hawezi kuhesabu gharama kwa kodi bila ankara ya mfumo huo, isipokuwa zile zilizosamehewa. Vijana ndio tutaitwa kuwawekea wazazi na mabosi hizi programu. Tukubali kazi, lakini kwa masharti. Hesabuni stoo watu wawili kabla ya kuingiza chochote. Daftari la zamani liende sambamba na mashine angalau mwezi mzima. Msiwashe kitu kipya msimu wa biashara kubwa. Na zikitofautiana, fungueni daftari kabla ya kumfukuza mtu.

Shosho sasa anapata risiti iliyochapishwa vizuri kabisa. Bado anaiweka kwa mkebe. Zamani nilikuwa namcheka. Siku hizi namletea mkebe mwingine huu ukijaa.