Bodi kama Mhakiki: Miisho ya Filamu Mbili za Kenya

Udhibiti wa filamu nchini Kenya huelezwa kama suala la sheria na maadili. Makala haya yanadai kuwa ni suala la uhakiki pia. Mwaka 2018 filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, kuhusu mapenzi ya wasichana wawili, ilipigwa marufuku kabla ya kuonyeshwa Cannes, Ufaransa; mwongozaji alikuwa amekataa kuubadilisha mwisho wake, ulioonekana kubeba matumaini mno. Septemba mwaka huo mahakama iliiruhusu kwa siku 7, kwa watu wazima tu. Mwaka 2021 ikakatazwa I Am Samuel ya Peter Murimi, filamu ya hali halisi kuhusu wanaume wawili wapendanao. Hoja mojawapo ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu ilikuwa kwamba wawili hao walifunga ndoa kwa jina la Mungu.

Hoja zote mbili zinahusu hatima ya wahusika. Riwaya nyingi za Kiswahili za maadili humwadhibu mkaidi kabla ya ukurasa wa mwisho. Bodi ilidai kanuni iyo hiyo. Mkaazi wa Isiolo, mji uliokuwa lango la Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambako enzi ya ukoloni watu hawakupita bila kibali, ataielewa mantiki hiyo. Mhakiki hana budi kuuliza: nani ana haki ya kuihitimisha hadithi?